Sing Sing: shule ilipofungwa, jukwaa likafunguliwa

Filamu Sing Sing ya Greg Kwedar, iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Toronto mwezi wa 9 mwaka 2023, inaeleza habari ya wafungwa wanaotayarisha mchezo wa kuigiza. Watu wengi wanasifu uigizaji wa Colman Domingo, na ni haki yake. Lakini ili kuielewa vizuri, inafaa kujua namna mchezo ulivyoingia katika gereza hilo.

Sing Sing iko Ossining, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa mji wa New York. Wafungwa wenyewe walianza kuijenga mwaka 1825, kwa mawe waliyoyachimba hapohapo. Mpaka mwaka 1963, watu 614 waliuawa humo kwa kiti cha umeme.

Michezo gerezani haikuanzia hapo. Tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka 1957, waigizaji kutoka San Francisco waliingia gereza la San Quentin, California, wakacheza Waiting for Godot ya Samuel Beckett mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Ulichaguliwa hasa kwa sababu hauna mwanamke ndani. Wasomi wengi walikuwa wameuona mgumu, ila wafungwa waliuelewa: kungoja kisichokuja ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Rick Cluchey, mwenye kifungo cha maisha, hakuruhusiwa kutoka chumbani. Aliusikia kwa vipaza sauti. Kisha yeye na wenzake waliunda kundi lao la maigizo, na alipoachiliwa alifanya kazi na Beckett mwenyewe.

Huko New York ilikuwa njia nyingine. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilikata misaada ya masomo kwa wafungwa, na masomo ya chuo kikuu yakafungwa katika magereza mengi. Mwaka 1996, Katherine Vockins na wafungwa wachache wa Sing Sing walianzisha Rehabilitation Through the Arts, mpango wa kurekebisha maisha kwa njia ya sanaa. Mchezo haukuchukua nafasi yote ya shule, lakini ulidai mambo mazito: kushika maneno kichwani, kumwacha mwenzako amalize kusema, kulia mbele ya watu bila kuogopa kuchekwa.

Shirika hilo linasema kwamba chini ya 3% ya waliopitia kwake hurudi gerezani. Tuipokee hesabu hiyo kwa uangalifu, maana anayejiandikisha pengine alikuwa amekwisha kata shauri kubadilika. Hata hivyo, aliyekata shauri anahitaji mlango wa kupitia.

Filamu yenyewe ilifuata njia hiyo. Waigizaji wake wengi ni wafungwa wa zamani wa mpango huo. Clarence Maclin anaigiza maisha yake mwenyewe. John Whitfield, anayeigizwa na Domingo, alifungwa zaidi ya miaka 20 kwa kosa analosema hakulitenda, naye alishiriki kuitunga hadithi. Nyota na wanaoanza walilipwa kiwango kimoja. Mwezi wa 1 mwaka 2025, filamu ilifikishwa katika magereza zaidi ya 1,000 ya Marekani.

Misaada ya masomo ilirudishwa mwaka 2023, baada ya miaka karibu 30. Kwa kizazi kizima cha wafungwa, jukwaa lilikuwa moja ya milango michache iliyobaki wazi.