Sikio Lililofichwa Ndani ya Mfupa

Mwaka 1316, Mondino de' Liuzzi, mwalimu wa udaktari katika mji wa Bologna, Italia, alikamilisha kitabu cha anatomia kilichotokana na kazi yake mwenyewe ya kupasua maiti za binadamu. Kwa zaidi ya miaka 200 vyuo vya Ulaya vilikitumia kufundishia. Lakini alipofika kwenye mifupa ya chini ya fuvu, ambamo sehemu za ndani za sikio zimejificha, Mondino aliweka kisu chini. Aliandika kwamba mifupa hiyo haionekani vizuri mpaka ichemshwe, na kwamba yeye amezoea kuiacha kwa sababu ya dhambi.

Dhambi hiyo ilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1299 Papa Bonifasi VIII alipiga marufuku desturi ya kukata na kuchemsha miili ya waliofia mbali, ili mifupa yao isafirishwe ikazikwe kwao. Walengwa hawakuwa madaktari. Hata hivyo Mondino hakutaka kujaribu, na sikio likapitwa na mtu ambaye tayari alikuwa amefika mlangoni pake.

Historia ya kulijua sikio imefuata mkondo huo tangu mwanzo. Kila hatua ilitegemea jinsi walio hai walivyowatendea wafu: nani aliruhusiwa kupasuliwa, alipasuliwa lini, na kwa namna gani.

Ugumu wa kwanza ulikuwa mfupa wenyewe. Jicho na ulimi hukatika kwa kisu. Sikio la ndani limezikwa katika sehemu ya mfupa wa panja ambayo ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini. Koklea, kiungo kinachopokea sauti, imejisokota mizunguko miwili na nusu, na yote haizidi punje ya njegere. Kikuku, mfupa mdogo kuliko yote tuliyo nayo, una urefu wa milimita 3 hivi. Anayeuvunja mfupa wa panja kwa pupa huharibu kile kile anachokitafuta.

Ugumu wa pili ulikuwa mafundisho ya kale. Aristotle alifundisha kwamba ndani ya sikio mna hewa iliyofungiwa, tulivu, ambayo mtu huzaliwa nayo, na kwamba sauti husikika hewa ya nje inapoitikisa. Galeni, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 ambaye maandishi yake yaliheshimiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, alijifunza anatomia yake kwa kupasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, si watu. Hewa ile ya Aristotle ikabaki sikioni, katika vitabu, hadi karne ya 18.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1500. Berengario da Carpi, wa Bologna, aliandika mwaka 1521 juu ya vifupa viwili vilivyo nyuma ya kiwambo cha sikio. Andreas Vesalius, aliyefundisha Padua, alivichora katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543 na kuvilinganisha na nyundo na fuawe. Vesalius alipata maiti nyingi kuliko waliomtangulia, kwa kuwa hakimu wa Padua, Marcantonio Contarini, alimpa miili ya wahalifu walionyongwa. Hata hivyo kifupa cha tatu, kikuku, kilimponyoka.

Aliyekipata ni Giovanni Filippo Ingrassia, akifundisha Napoli mwaka 1546. Wengine kadhaa walidai heshima hiyo. Gabriele Falloppio, mwalimu wa Padua, naye alikuwa amekiona kwa macho yake, lakini katika kitabu chake cha mwaka 1561 alitamka wazi kwamba Ingrassia ndiye aliyetangulia. Uungwana huo haukuwa wa kawaida katika fani iliyojaa ugomvi wa nani kaona nini kwanza. Katika kitabu hicho hicho Falloppio alieleza koklea, na pia mfereji mwembamba wa mfupa ambamo hupita neva inayoendesha misuli ya uso. Mfereji huo unabeba jina lake hadi leo.

Mwaka uliofuata, Bartolomeo Eustachi wa Roma alieleza kwa makini mrija unaounganisha sikio la kati na koo, ule unaofunguka tunapomeza mate ili hewa ya pande mbili za kiwambo ilingane. Eustachi alikuwa pia na michoro ya shaba iliyokamilika tangu mwaka 1552. Alifariki mwaka 1574, na sehemu kubwa ya michoro hiyo haikuchapishwa hadi 1714.

Kufikia mwaka 1595 Padua ilikuwa na ukumbi wake wa kudumu wa anatomia, uliojengwa kwa juhudi za Girolamo Fabrici d'Acquapendente, na ukumbi huo ungalipo. Katikati pana nafasi ya meza ya maiti. Juu yake zimepanda ngazi sita za mbao zenye umbo la duaradufu, ambako wanafunzi walisimama wakiegemea vizuizi na kuinamisha vichwa kutazama chini. Mafunzo yalifanywa majira ya baridi, maana joto liliharibu mwili upesi. Mishumaa ndiyo iliyotoa mwanga.

Aliyelala mezani kwa kawaida alikuwa mhalifu aliyeuawa kwa hukumu, na katika miji kama Bologna kanuni zilitaka awe mtu aliyetoka mbali, asiye na jamaa wa kumlilia pale. Vitabu vya wanaanatomia vimejaa majina ya mifereji, mirija na viwambo, yote yakiwa ya madaktari. Waliobeba viungo hivyo katika vichwa vyao hawakuandikwa, na ni haki kusema kwamba bila wao pasingekuwa na sayansi hii.

Huko Padua alitokea mtu mmoja wa kukumbukwa. Giulio Casseri alizaliwa Piacenza katika umaskini, akaja Padua na kuwa mtumishi nyumbani kwa Fabrici. Akasoma, akawa daktari, kisha akawa mpinzani ambaye bwana wake wa zamani hakumpenda. Kitabu chake juu ya viungo vya sauti na kusikia, kilichotoka mwaka 1601, kiliweka sikio la binadamu kando ya masikio ya wanyama mbalimbali, kwa michoro mizuri ya shaba. Mwaka 1609 alitoa kingine kilichokusanya milango yote mitano ya fahamu.

Antonio Valsalva wa Bologna naye alitumia miaka 16 na, kwa maelezo yake, vichwa zaidi ya 1,000, kabla ya kutoa kitabu chake cha mwaka 1704, kilichogawa sikio sehemu tatu: la nje, la kati na la ndani. Mgawanyo huo ndio unaofundishwa shuleni hata sasa.

Hewa ya Aristotle iliondolewa na kijana. Domenico Cotugno, daktari katika hospitali ya Wasiotibika huko Napoli, alikuwa na umri wa miaka 25 hivi alipoonyesha, katika andiko la mwaka 1761, kwamba sikio la ndani limejaa majimaji na hamna nafasi ya hewa. Alifungua masikio ya watu waliofariki muda mfupi tu uliopita. Mfupa wa siku nyingi hukauka, na uwazi unaobaki humfanya mchunguzi aamini kwamba hewa ilikuwamo tangu awali. Mwaka 1777 mwanaanatomia Philipp Friedrich Meckel aliweka mifupa ya panja nje kwenye baridi kali. Alipoipasua alikuta barafu imejaa ndani.

Baada ya hapo kisu hakikutosha. Alfonso Corti, Mwitalia aliyefanya kazi katika maabara ya Albert Kölliker huko Würzburg, Ujerumani, alichunguza koklea zipatazo 200 kwa hadubini, akitumia rangi nyekundu ya kamini kutofautisha tishu. Mwaka 1851 alichapisha maelezo ya kiungo chenye seli za vinyweleo, ambazo kila sikio la binadamu lina takribani 15,000. Seli hizo zikifa hazioti tena.

Jinsi zinavyotikiswa ilielezwa na Georg von Békésy, mhandisi wa maabara ya simu ya Budapest, aliyetaka kujua sikio linahitaji nini kabla ya kuboresha simu. Alizifungua koklea za maiti zikiwa zimezama katika maji, ili zisikauke, na kwa hadubini akaona wimbi likisafiri juu ya utando wa ndani. Mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel.

Leo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, hupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea za watoto waliozaliwa viziwi. Ilianza mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje, India miongoni mwa nchi nyingine. Katika upasuaji wa aina hii daktari hutoboa mfupa nyuma ya sikio, hupita kando ya mfereji wa Falloppio kwa uangalifu mkubwa, maana akiugusa vibaya uso wa mtoto hupooza, kisha huingiza uzi wa elektrodi katika majimaji aliyoyaona Cotugno. Umeme huamsha neva moja kwa moja, ukiziruka seli zilizokufa.

Njia hiyo madaktari huizoea kwanza kwa kutoboa mifupa ya panja ya maiti katika maabara za mafunzo. Tofauti kubwa na siku za Padua ni ridhaa: katika nchi nyingi mifupa hiyo hutoka kwa watu waliotia saini wakiwa hai, wakijua kwamba mkono wa daktari utajifunza kwao kabla ya kumgusa mtoto.