Jinsi ya kukopi faili na folda kwa terminali bila kulia baadaye

Uko na lapi ya Linux ama Mac? Kukopi ni amri moja tu: cp. Taja kwanza kitu unakopi, halafu mahali inaenda:

mkdir bakap
cp beat.wav bakap/

Hiyo mkdir ni ya kutengeneza folda ya bakap kama hauna.

Folda nzima haiingii hivyo. Cp itakataa mpaka uongeze -r, ndio ibebe kila kitu kiko ndani:

cp -r ngoma bakap/

Sasa skiza poa, juu hapa ndio wasee wengi hulia. Kama ndani ya bakap kuna faili ya jina hilo hilo, cp haikuulizi. Inaandika juu yake kimya kimya, na ile ya zamani haiendi kwa takataka eti utairudisha. Imeisha hiyo. Dawa ni -i:

cp -ri ngoma bakap/

Itakuuliza kwanza. Jibu y ukikubali, n ukikataa.

Kabla ufute ya kwanza, linganisha:

diff -r ngoma bakap/ngoma

Ikinyamaza, zote zimefika sawa.