Mgonjwa na Jamaa Yake: Maisha na Kazi ya Thomas Adeoye Lambo (1923–2004)

Katika historia ya tiba barani Afrika wako watu ambao kazi yao yatugusa sisi watumishi wa Kanisa, ingawa wao wenyewe hawakuwa wanatheolojia. Mmojawapo ni Profesa Thomas Adeoye Lambo wa Nijeria, daktari wa magonjwa ya akili. Katika makala hii twataka kuyatazama maisha yake kwa ufupi, na hasa swali moja alilolishughulikia: je, mgonjwa wa akili atibiwe kwa kutengwa na jamaa yake, au pamoja nao?

Lambo alizaliwa tarehe 29 Machi 1923 huko Abeokuta, mji wa Wayoruba, akasoma katika shule ya wavulana ya Wabaptisti mjini humo. Kisha alikwenda Uingereza kusomea udaktari Birmingham, na baadaye magonjwa ya akili London. Huko ndiko alikomwoa Dinah Violet Adams mwaka 1945, nao wakajaliwa wana watatu.

Ili kuuelewa uzito wa kazi yake, yatupasa kukumbuka yaliyokuwa yakiandikwa wakati ule. Dakta J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika katika mwenendo wake anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Kwa mtazamo huo malezi ya nyumbani na utamaduni wa Mwafrika vilihesabiwa kuwa chanzo cha upungufu wake.

Lambo alijibu kwanza kwa matendo. Mwaka 1954 alikabidhiwa kazi katika hospitali mpya ya Aro, karibu na Abeokuta, ambayo majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kungoja vitanda, alipatana na wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na ndugu yake angalau mmoja. Ndugu huyo alimpikia, akamfulia nguo, akampeleka hospitali asubuhi na kumrudisha jioni. Hospitalini mgonjwa alipewa dawa na tiba nyingine za kisasa; kijijini aliishi kama mtu miongoni mwa watu. Wanakijiji nao walipata kodi ya nyumba, na hofu yao ikapungua kwa kuzoeana na wageni wao.

Baada ya matendo ulifuata utafiti. Akishirikiana na Alexander Leighton wa Marekani, Lambo aliwachunguza Wayoruba wa vijijini na mjini, na matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Ilionekana kwamba akili ya Mwafrika si ya namna ya pekee. Huugua na kupona kama akili za wanadamu wengine. Baadaye Lambo aliongoza Chuo Kikuu cha Ibadan tangu 1968 hadi 1971, kisha akahudumu Geneva katika Shirika lile lile la Afya Duniani, ambako alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu tangu 1973 hadi 1988. Alifariki tarehe 13 Machi 2004, akikaribia kutimiza miaka 81.

Lambo aliwashirikisha pia waganga wa jadi katika kazi ya Aro. Hapo sisi hatuna budi kupambanua. Kuzijua desturi za mgonjwa na maana anayoupa ugonjwa wake ni wajibu wa kila mchungaji. Kuziwekea tumaini nguvu nyingine badala ya Kristo ni jambo jingine. Wala tusiisifu jamaa kupita kiasi. Ndugu wanaomuuguza mgonjwa waweza kuwa ndio hao hao waliomfunga kamba na kumficha chumba cha nyuma.

Hata hivyo, Injili yenyewe hairuhusu tuiache jamaa nje. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi, katika Marko sura ya 5, alikuwa amefungwa mara nyingi kwa pingu na minyororo. Alipopona alitamani kufuatana na Yesu, lakini Bwana alimrudisha nyumbani, kwa watu wale wale waliomjua katika aibu yake. Basi uponyaji wake haukukamilika pale makaburini; nao watu wa kwao walihitaji kujifunza upya kumpokea.

Kanisa letu si geni katika huduma hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Lakini hospitali haiwezi kufanya kazi ya usharika. Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani humkuta nani mlangoni? Lambo aliona kwamba ndugu ni sehemu ya tiba. Sisi tunaomwombea mgonjwa kila Jumapili yatupasa pia kumwandalia nafasi ya kukaa katika benchi, karibu nasi, na kuwatembelea wale wanaomtunza kabla hawajachoka.