Neno Timawa katika Kisebuano: Historia ya Hadhi Iliyoporomoka

Katika Kisebuano cha leo, lugha ya kisiwa cha Cebu na maeneo mengi ya Visayas na Mindanao nchini Ufilipino, neno timawa humaanisha mtu fukara. Nyaraka za karne ya 16, hata hivyo, zinalitumia neno hilohilo kwa waungwana, yaani watu huru. Insha hii inadai kwamba badiliko hilo la maana lilifuata anguko la tabaka lenyewe.

Mwaka 1582 Miguel de Loarca, Mhispania aliyeishi Panay, aliigawa jamii ya Wavisaya katika matabaka matatu: datu, yaani watawala, timawa, aliowaandika kwa tahajia ya Kihispania timagua, na watumwa. Kwa maelezo yake, timawa alijifungamanisha na datu mmoja, akamfuata vitani kwa silaha, akapiga kasia katika chombo chake na kumhudumia karamuni. Datu naye alipaswa kumlinda. William Henry Scott, katika kitabu chake Barangay (1994), analihusisha chimbuko la tabaka hili na watoto ambao datu waliwazaa na wanawake wa matabaka ya chini. Kwa hiyo utumishi wa timawa ulikuwa alama ya ukaribu na utawala.

Kwa Watagalogi wa Luzon hali ilikuwa tofauti. Huko nafasi ya kijeshi ilishikwa na maharlika, ilhali timawa walikuwa watu huru wa kawaida, wakiwemo watumwa waliokombolewa. Mtafiti anayezichanganya maana hizi mbili huwapunguzia timawa wa Visayas hadhi waliyokuwa nayo.

Kuja kwa Miguel López de Legazpi huko Cebu mwaka 1565 kulianzisha utawala uliozima vita vya baharini, na pamoja navyo kazi iliyowapa timawa heshima. Datu waligeuzwa wakusanyaji wa kodi, wakasamehewa kodi hiyo na kazi za shuruti. Timawa walibebeshwa yote mawili. Utumwa ulipofifia, uhuru nao ukakoma kuwa sifa ya kuwatofautisha. Kilichobaki kuwatambulisha ni uhitaji.

Hivyo, kusoma timagua ya Loarca kwa maana ya leo ni kumfanya mpiganaji wa karne ya 16 kuwa maskini, na kuyahesabu matokeo ya ukoloni kama hali ya asili ya jamii iliyoutangulia.