Kanuni za michezo zimfunge nani?

Ukipita jioni kwenye uwanja wa shule ya sekondari wakati wa matayarisho ya mashindano ya UMISSETA, huenda ukawakuta wasichana wakicheza mpira wa pete. Tazama mistari iliyochorwa pale chini. Uwanja umegawanywa sehemu tatu, na si kila mchezaji anaruhusiwa kuingia kila sehemu. Mpira haushikwi zaidi ya sekunde 3, hukimbii ukiudunda, wala humnyang'anyi mwenzako aliyekwisha kuudaka. Wengi wetu tunadhani mchezo huu ulizaliwa hivyo tu. Kumbe mistari ile ina historia yake, na historia hiyo inahusu swali ambalo kila mzazi mwenye binti shuleni hana budi kujiuliza: kanuni za kumlinda msichana michezoni zimfunge nani? Zimfunge msichana mwenyewe, au mtu mzima anayemfundisha?

Turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, huko Marekani. Mwezi Desemba 1891, katika mji wa Springfield, mwalimu James Naismith alibuni mpira wa kikapu kwa ajili ya vijana wa kiume. Mwaka 1892 Bi. Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Chuo cha Smith, mji wa Northampton, akawafundisha wanafunzi wake wa kike mchezo huo. Machi 1893 wasichana wa mwaka wa kwanza walipambana na wa mwaka wa pili. Wanaume walikatazwa kuingia kutazama.

Zama zile watu wengi, hata wasomi, waliamini kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa mbio na kusukumana. Bi. Berenson hakukubali kuwa wasichana wakae bure, lakini alijua asipoupunguza makali mchezo huo utapigwa marufuku. Basi akaugawa uwanja sehemu tatu na kila mchezaji akabaki katika sehemu yake. Kunyang'anyana mpira kukakatazwa, na kuushika kukawekewa sekunde 3. Mchezo wa kikapu ulivuka bahari miaka hiyo hiyo hadi Uingereza, huko ukageuka kuwa mpira wa pete, na Waingereza wakauleta katika makoloni yao, ya kwetu yakiwamo.

Hatuna haki ya kumlaumu Bi. Berenson. Yeye aliufungua mlango. Lakini tuangalie waliomfuata.

Mwaka 1923 akina mama wa Kimarekani walikutana Washington chini ya uongozi wa Bi. Lou Henry Hoover, ambaye mumewe alikuja kuwa Rais mwaka 1929. Walikuwa na hoja nzito. Waliona makocha wa kiume wakiwatumia wasichana kama kivutio cha kuuza tiketi. Waliona wasichana wakisafirishwa mbali na kuchezeshwa hata wanapoumwa. Wakadai mambo ya maana: msichana apimwe na daktari kabla ya kucheza, afundishwe na mwanamke aliyesomea kazi hiyo, na asifanywe chombo cha kuchumia fedha.

Mpaka hapo nani atawapinga? Shida ni dawa waliyoichagua. Badala ya kumbana kocha mbaya, wakaona heri kupunguza mashindano yenyewe. Pakaanzishwa siku za michezo, ambapo wasichana wa shule mbalimbali walichanganywa katika timu, wakacheza kidogo, wakanywa chai, wakarudi nyumbani bila mshindi wala kikombe. Majimbo mengi yakafuta mashindano ya shule za wasichana. Ni sawa na mtu ambaye kicheche anamla kuku wake, naye badala ya kumsaka kicheche akawafungia kuku bandani bila chakula, kisha akajisifu kuwa sasa wako salama.

Jimbo moja la wakulima, Iowa, lilikataa. Wasichana wa Iowa walikuwa na mashindano ya jimbo tangu 1920. Mwaka 1925 viongozi wa chama cha michezo ya shule walipoamua kuyaondoa, shule za miji midogo zikajitenga na kuunda chama chao cha wasichana. Huko fainali za wasichana zilijaza ukumbi mkubwa mjini Des Moines mwaka hadi mwaka. Hata hivyo kivuli cha zamani hakikuondoka. Wasichana wa Iowa walicheza sita kila upande, watatu wa kufunga na watatu wa kulinda, na hakuna aliyevuka mstari wa katikati. Mlinzi aliweza kumaliza shule bila kufunga bao hata moja. Mtindo huo ulikoma huko mwaka 1993.

Ndugu wasikilizaji, matokeo ya ulinzi wa namna ile yanaonekana katika hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 1971-72, wavulana waliocheza katika timu za shule za sekondari Marekani walikuwa zaidi ya milioni 3.6. Wasichana hawakufika 295,000. Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Leo wasichana wanaocheza huko ni zaidi ya milioni 3. Miili haikubadilika. Kilichobadilika ni sheria.

Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Mjini Birmingham, jimbo la Alabama, kocha Roderick Jackson aliona timu yake ya wasichana ya kikapu hainufaiki sawa na wavulana kwa fedha, vifaa na ukumbi. Akalalamika kwa wakubwa wake. Mwaka 2001 akavuliwa ukocha. Alikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya nchi, na Machi 2005, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba anayeadhibiwa kwa kulalamikia ubaguzi huo naye analindwa na sheria ile. Tujifunze hapo kwamba mwenendo mwema wa kocha hauishii katika kutomgusa mtoto vibaya. Kocha mwema husema pia pale mtoto anapodhulumiwa.

Na nani astahili kufanya mazoezi? Jimbo la Texas liliamua mwaka 1984 kwamba mwanafunzi anayefeli darasani asimame kucheza kwa wiki 6. Mwaka 1995 wakapunguza zikawa 3, na sheria yao inamruhusu mwanafunzi huyo kuendelea na mazoezi ilhali haruhusiwi mechi. Naona hekima hapo. Mechi ni heshima, na heshima inaweza kuzuiliwa. Mazoezi ni malezi, na mtoto anayeyumba ndiye anayehitaji zaidi kuwa mahali penye saa, nidhamu na mtu mzima wa kumwuliza umesoma nini leo.

Sharti mtu mzima huyo awe mwaminifu. Januari 2018 wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa maelezo mahakamani dhidi ya daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, aliyewadhulumu kwa miaka mingi huku wakubwa wakinyamaza. Mwezi uliofuata ikatiwa saini sheria kwa vyama vya michezo vya taifa: mtu mzima anayeshuku dhuluma atoe taarifa, na ziwepo taratibu za kuzuia mkubwa kubaki peke yake na mtoto pasipo mtu kuwaona. Jirani zetu Kenya walikwisha kutangulia upande wa shule: mwaka 2010 tume inayoajiri walimu ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kijinsia, ukimtaka mwalimu anayejua jambo asinyamaze. Kanuni hizo hazimwambii msichana abaki nyumbani. Zinamwambia mkubwa namna ya kuenenda.

Sasa turudi majumbani mwetu. Binti anarudi na barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kambini na timu. Baba anasikia habari za walimu wabovu, moyo unamdunda, anasema: huendi. Hofu yake ni ya haki, wala tusimcheke. Lakini kwa neno lile moja amemfunga asiye na kosa. Heri aende shuleni aulize. Kocha ni nani na nani amemteua? Mwalimu wa kike gani atasafiri nao? Watalala wapi na ufunguo anao nani? Wamepimwa afya? Anayeumia anapelekwa wapi? Na mtoto akiwa na malalamiko, amwendee nani zaidi ya kocha huyo huyo?

Shule isiyo na majibu, basi mzazi azuie ruhusa yake hadi yapatikane, na awaite wazazi wenzake wayadai pamoja naye. Shule yenye majibu, mwacheni binti aende akacheze.