Waliomlea kabla hajafunzwa

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, shule ya mbwa waongozaji ya The Seeing Eye, New Jersey, ilianza kuwakabidhi watoto wa mbwa kwa vijana wa vilabu vya 4-H. Vijana hao wa mashambani walizoea kufuga ndama, nguruwe na kuku. Safari hii walipewa mnyama wa kulala ndani ya nyumba, asiye wao, ambaye wangemrudisha akishakua. Mshahara hawakupewa.

Mbwa wa kuwaongoza wasioona walikuwa wameshajulikana. Agosti 1916 daktari Gerhard Stalling alifungua shule Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mmarekani Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifuga mbwa Uswisi, aliiona kazi hiyo Potsdam akaiandikia makala mwaka 1927. Kijana asiyeona wa Tennessee, Morris Frank, akasomewa makala hiyo, akamwandikia barua, na mwaka uliofuata akavuka barabara yenye magari mengi New York akiongozwa na mbwa wake Buddy, waandishi wa habari wakimtazama. The Seeing Eye ilianzishwa 1929. Majina hayo hutajwa kila mara, na yanastahili. Lakini anayeishia hapo amesimulia nusu tu, kwa kuwa mkufunzi hupokea mbwa ambaye tayari kuna mtu amemlea.

Umuhimu wa malezi hayo ulithibitika California. Clarence Pfaffenberger wa shule ya Guide Dogs for the Blind, pamoja na mwanasayansi John Paul Scott, walifuatilia watoto wa mbwa waliofaulu majaribio wakiwa na wiki 12. Waliopelekwa kwenye familia mara moja, wengi walikuja kuwa waongozaji. Waliobaki bandani zaidi ya wiki tatu, wengi walishindwa mafunzo baadaye. Matokeo yalichapishwa 1959. Mbegu ilikuwa nzuri. Walichokosa ni kelele za watoto, mlango unaogongwa, ngazi, basi linalopiga honi.

Mlezi humpokea mtoto wa mbwa mwenye takriban wiki nane na kukaa naye mwaka mmoja na zaidi. Humzoesha kujisaidia kwa amri, mahali alipoelekezwa, maana atakayemtumia itabidi asafishe bila kuona. Humkataza kuokota chakula kilichoanguka sakafuni, kwani mbwa anayefuata harufu ya nyama anaweza kumwingiza mwenzake barabarani. Humpeleka sokoni, stesheni, penye umati. Ni kazi ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na ninaiheshimu kuliko michango mingi ya fedha.

Uingereza iliwapa raia kazi hiyo kuanzia 1956. Mwaka 1997, kupitia shirika la Puppies Behind Bars, wanawake waliofungwa katika gereza la Bedford Hills, New York, nao wakaanza kulea; watoto wa mbwa wakalala nao selo.

Siku ya kumrudisha ndiyo ngumu. Familia iliyomfundisha kukaa na kungoja hukabidhi kamba na kurudi nyumbani bila yeye. Akifaulu mafunzo, The Seeing Eye huwapa walezi nafasi ya kumtazama kwa mbali akiongoza katika mitaa ya mji wa Morristown, New Jersey. Asipofaulu, wao ndio huulizwa kwanza kama wangependa kumchukua.