MAFUNDI SAA WALIPOTELEA WAPI? JIBU LIKO NDANI YA MFUNIKO

Saa ya mkononi ya babu, ile ya kutia ufunguo, haijui betri. Ndani ni springi, magurudumu ya meno na vijiwe vidogo vya rubi. Ikisimama, shughuli siyo hela tu, shughuli ni kumpata fundi wa kumuamini!

Zamani mafundi walikuwa kibao. Mambo yakageuka Desemba 25, 1969, Seiko ilipoanza kuuza Astron kule Tokyo, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuingia sokoni. Baadaye saa hizo za betri zikashuka bei, na Uswisi ikala kipigo cha mbwa mwizi: wafanyakazi wa saa kama 90,000 mwaka 1970, katikati ya miaka ya 80 wamebaki kama 30,000. Vijana wakaacha kujifunza kazi, wazee wakaondoka na ujuzi wao.

Wajanja nao wakapata mwanya. Mteja haoni ndani, kwa hiyo kipuri orijino kinachomolewa, kinapachikwa cha saa nyingine. Saa inatembea, lakini siyo ya babu tena.

Mafundi wengi wa zamani walikuwa na kautaratibu: kazi ikiisha, wanakwaruza tarehe na alama yao ndani ya mfuniko. Majina hayajulikani, ila kila mmoja alikubali kuulizwa.

Ndiyo maana mwenye saa aombe mfuniko ufunguliwe mbele yake, apige picha, na adai vipuri vilivyotolewa. Fundi wa kweli hanuni. Akinuna, ondoka na saa yako!